Nani Ampishe Mwenzake? Roboti za Mizigo na Njia ya Miguu ya Singida

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, upepo wa Singida ukiwa umeshaanza kazi yake ya kupeperusha vumbi, nilisimama kando ya barabara iendayo Misuna nikisubiri usafiri. Kijana wa bodaboda alikuja na matenga mawili ya kuku, moja juu ya jingine, yamekazwa kwa mipira ya tyubu. Mbele yake lori lilikuwa limeziba lami. Hakusubiri. Aliteremka kwenye ule ukanda wa udongo ulio kati ya lami na mtaro, ambao sisi wa hapa ndio tunauita njia ya miguu, akaja nao kwa kasi ileile. Mzee mmoja asiyeona alikuwa anakuja upande wetu, ameshikwa mkono na mjukuu wa miaka kama minane. Tairi lilisimama pale fimbo ya mzee ilipoligusa. Kuku wakapiga kelele.

"Shikamoo babu. Samahani sana, sikukusudia."

Mzee aliitikia marahaba, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira: "Wewe unaniona, mimi sikuoni. Nani ampishe mwenzake?"

Kijana hakuwa na jibu. Alirudisha pikipiki nyuma kwa miguu, akapanda lami. Mimi swali lile nimekaa nalo, na hunirudia kila nisomapo habari za vile vigari vidogo visivyo na dereva vinavyopeleka chakula na vifurushi kwenye njia za waenda kwa miguu huko Ulaya na Marekani. Wataalamu wameandika mengi kuhusu kamera zake, rada zake na akili mnemba inayoviongoza. Lakini ukichambua kila tukio baya lililovipata, unakuta lile swali la mzee limekaa katikati, halijajibiwa.

Vigari vyenyewe si vya kutisha kwa macho. Vinavyojulikana zaidi ni vya Starship Technologies, kampuni iliyoasisiwa mwaka 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, watu waliokuwamo katika kuunda Skype. Ni sanduku jeupe lenye magurudumu sita, urefu wake haufiki kiunoni, uzito ni kama kilo 35 likiwa tupu, na mwendo wake ni kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu mwenye haraka. Tangu mwaka 2018 vigari hivyo vimekuwa vikipeleka bidhaa za dukani katika mji wa Milton Keynes, Uingereza, na vyuo vikuu vingi vya Marekani huvitumia kupelekea wanafunzi chakula. Sanduku lina ramani ya njia kichwani mwake, kamera zinatazama pande zote, na likikwama, mtu aliyekaa mbele ya kompyuta mahali pengine huingilia kati.

Singida hakuna hata kimoja. Anayeuliza kwa nini tulizungumzie jambo hili sasa, namkumbusha bodaboda. Zilianza kubeba abiria mitaani, zikatapakaa, vijana wakazitegemea kwa ugali wa kila siku, na ndipo kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotoka, mwaka 2010. Kanuni zilikuta mazoea yameshaota mizizi, na moja ya mazoea hayo ni lile la kushuka kwenye njia ya miguu lami inapojaa. Tena mashine zisizo na dereva si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Mwaka 2018 ndege zisizo na rubani zilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi. Rwanda ilikuwa imetangulia, ikianza Oktoba 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege za kampuni ya Zipline kutoka Muhanga. Kinshasa iliweka roboti za kuongoza magari kwenye makutano tangu 2013. Ndege hupita juu yetu na roboti ya Kinshasa husimama mahali pamoja. Kigari cha mizigo kinakuja kutembea pale pale tunapotembea, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Oktoba 2019 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, anayetumia kiti mwendo, alikuwa anavuka barabara yenye njia nyingi. Upande wa pili kuna mteremko mdogo uliokatwa kwenye ukingo, ndio mlango pekee wa mtu wa kiti mwendo kutoka barabarani na kupanda njia ya miguu. Kwenye mteremko huo roboti ilikuwa imesimama. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inangoja zamu yake ya kuvuka, kama ilivyofundishwa. Taa ilikuwa inakaribia kuruhusu magari na yeye bado yuko barabarani, hana pa kupandia. Alilazimika kuparamia ukingo kwa nguvu ili ajiokoe. Chuo kilisitisha majaribio kwa muda, programu ikarekebishwa, vigari vikarudi.

Kisa hicho nakiona kizito kuliko vingine vyote, kwa sababu hakuna kilichogongwa. Fundi wa roboti amefundishwa kwamba mashine ikiwa na shaka, isimame. Kusimama ndiko salama. Kwa hesabu za ofisini ni kweli. Ila njia ya miguu ni nyembamba, na kila kinachosimama hapo kinamsukuma mwingine pembeni. Anayesukumwa anakwenda wapi? Kwetu anakwenda kwenye lami, kwenye malori yatokayo Dodoma kuelekea Nzega na Mwanza, au anatumbukia mtaroni. Roboti inaweza kumaliza mwaka mzima bila kugusa mtu, ikawa imewatupa watu barabarani kila siku, na takwimu zake zikabaki safi.

Visa vingine nitavipitia upesi. Desemba 2018 kigari cha kampuni nyingine kilishika moto katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kampuni ikaeleza kuwa kiliwekewa kimakosa betri mbovu. Betri za lithiamu zikiwaka hazizimwi kwa ndoo ya maji. Roboti moja ya Milton Keynes nayo ilitumbukia kwenye mfereji wa maji. Septemba 2024 mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona aligongwa na roboti akaanguka. Na Septemba 2022, huko Hollywood, polisi walikuwa wamezungushia utepe eneo walilodhani kuna uhalifu; roboti ya chakula ikafika, mtu mmoja akainua utepe, nayo ikapita katikati ya polisi kana kwamba hakuna kitu. Baadaye ikajulikana kuwa aliyeiruhusu kupita ni mtu, mwendeshaji aliyekuwa mbali. Nitalirudia hilo.

Watengenezaji husema kigari chao ni chepesi na cha polepole, kwa hiyo hakiwezi kuumiza. Nimelifanyia hesabu jambo hili kwa kipimo tunachokijua sote, ndoo ya maji ya lita 20. Kigari cha kilo 35 chenye mzigo wa kilo 10, kikija kwa kilomita 6 kwa saa, kina nguvu ya kugonga sawa na ndoo hiyo iliyojaa ikianguka kutoka kimo cha sentimita 32, chini kidogo ya goti. Utaumia kidole, mtoto ataanguka, bibi mwenye nyonga dhaifu anaweza kuvunjika. Sasa chukua jimbo la Pennsylvania. Sheria yake ya mwaka 2020 iliruhusu roboti za hadi kilo 250 bila kuhesabu mzigo kutembea kwenye njia za waenda kwa miguu kwa kilomita 19 kwa saa, tena ikazipa hadhi ya mwenda kwa miguu. Hiyo ni ndoo ileile ikiangushwa kutoka karibu meta 18, juu ya paa la ghorofa tano. Neno "roboti" ni moja, vitu vyenyewe vinatofautiana mara zaidi ya hamsini.

Na haki itendeke kwa pande zote: pikipiki ya kilo 120 na dereva wa kilo 70, kwa kilomita 30 kwa saa, ni ndoo kutoka zaidi ya meta 33. Ile iliyomfikia mzee pale barabara ya Misuna haikuwa mbali na mwendo huo. Hatari kubwa ya njia zetu za miguu tunayo tayari, inavaa jaketi la kuakisi mwanga na inatuita "bosi, twende". Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Kwa hiyo simlaumu anayesema kigari cha kilo 35 kingekuwa afadhali kuliko boda. Kwa mgongano peke yake, ni kweli. Ila hakuna anayependekeza kuiondoa boda ili kigari kichukue nafasi yake. Kitaongezwa juu yake, kwenye ukanda uleule wa udongo.

Sheria za wenzetu zimeenda njia mbili, na nina upande. Virginia mwaka 2017 na Pennsylvania baadaye zilifungua mlango kwanza. San Francisco, mwishoni mwa 2017, ilifanya kinyume: kila kampuni ipewe vibali visivyozidi vitatu, mji mzima usizidi tisa, mwendo usizidi kilomita 5 kwa saa, roboti zipite maeneo yenye watu wachache, na mtu awe karibu nazo, ndani ya meta tisa. Toronto, Desemba 2021, ilizipiga marufuku kwenye njia za miguu na za baiskeli baada ya watu wenye ulemavu kusimama na kueleza hofu yao. Nawaunga mkono wa Toronto. Walianza kwa kumsikiliza aliye mwepesi kuumia, kisha wakaandika sheria. Wengine waliandika sheria na kumwachia huyo aje kulalamika.

Wilayani Ikungi, safari fupi kutoka Singida mjini, kuna Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma na wenzao. Mtoto asiyeona anajifunza dunia kwa sikio na fimbo. Gari analisikia, punda anamsikia, hata baiskeli ina mlio wa mnyororo. Kigari cha umeme hakina sauti ya kutosha kwenye upepo wetu, na sanduku lililosimama kimya halikuwapo jana wala halitakuwapo kesho, kwa hiyo haliwezi kukaririwa kama mti au nguzo. Mwaka 2023 watafiti wa King's College London walipima programu nane za kutambua waenda kwa miguu, wakakuta zinawatambua watoto vibaya kuliko watu wazima, pengo la karibu asilimia 20. Mjukuu aliyemshika babu yake mkono ndiye mashine ingemkosa kwanza, na ndiye macho ya babu.

Mazingira yetu nayo yana mambo yake. Kamera ya roboti ni kioo, na vumbi la Singida kati ya Juni na Oktoba halimwachi hata mwenye miwani. Mashine iliyofundwa mitaa ya Ulaya na Marekani imeona watu waliobeba mikoba. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, unaojitokeza meta moja kila upande, kwake ni umbo geni. Kuna mitaro isiyofunikwa. Kuna mbuzi. Kuna madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa kando ya barabara, leo hapa, kesho kule. Binadamu anavisoma vyote hivi bila kufikiri.

Ukitaka kujua mbebaji asiye na dereva anavyopaswa kuishi na watu, Singida inaye wa miaka mingi. Ni punda. Nenda vijijini jioni utamwona na madumu manne ya maji, mawili kila ubavu, anatangulia, na mtoto yuko nyuma sana akicheza, au hayupo kabisa. Punda anajua nyumbani. Anapokutana na watu kwenye kijinjia huchepukia majanini. Mtoto akianguka mbele yake, husimama. Si kwamba hana ubaya: hupiga teke, hukaidi, huingia shamba la mtu. Lakini akiingia shambani, hakuna kikao cha kutafuta nani alaumiwe. Kijiji kizima kinajua punda yule ni wa nani, na mwenyewe ataitwa kwa mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijatua, atalipa. Hakuna mwenye punda aliyewahi kujitetea kwamba punda ndiye aliyeamua mwenyewe.

Utetezi huo ndio ninaouogopa kwa roboti. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inamtafuta dereva: leseni yake, ulevi wake, uzembe wake. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inamlinda mtu wa tatu kwa kumlazimisha anayetumia gari barabarani awe na bima. Kigari kikimwangusha mama mtaani kwetu, dereva ni nani? Aliyeandika programu yuko ng'ambo. Aliyekinunua ni mwenye duka. Aliyekuwa anakitazama kwa kompyuta anaweza kuwa nchi ya tatu, na kile kisa cha Hollywood kinatuonyesha kwamba huyo ndiye wakati mwingine anayesema "pita". Kila mmoja atamwelekezea mwenzake kidole, na mama atakuwa amelala hospitali ya rufaa akisubiri walewale wakubaliane. Kisha zipo kamera, zinazopiga picha kila mlango na kila uso njiani. Hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina la kusema, ikiwa atakuwapo wa kuisimamia mtaani.

Kwa hiyo siku mtu atakapoingia ofisi za Manispaa ya Singida na picha nzuri za vigari vyake, ningependa akutane na masharti yaliyoandikwa mapema. Kigari kimpishe kila mtu, wakati wote, na kikishindwa kupisha kitoke njiani, si kusimama. Kiwe na namba kubwa inayosomeka, jina la mwenye mali aliye hapa nchini, na namba ya simu inayopokelewa kwa Kiswahili. Kitoe sauti. Bima yake ilipe kwanza, ubishi wa nani mkosaji ufuate. Watu wenye ulemavu wakijaribu kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakisema hapana, iwe hapana; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kuyafikia maeneo na huduma za umma, na njia ya miguu ni huduma ya kwanza kabisa ya umma. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakae meza moja na manispaa, maana kitu hiki kinaangukia kwenye ufa ulio kati yao.

Sipingi mashine. Mwaka 2020 Rwanda ilitumia roboti katika kituo cha wagonjwa wa korona cha Kanyinya, kupima joto na kupeleka vitu ili wauguzi wapunguze kuambukizwa. Hapo mashine ilikuwa mahali pake: ndani ya uzio, sakafu laini, watu waliofunzwa. Hospitali zetu zina umbali wa kutosha kati ya stoo na wodi, na muuguzi anayesukuma toroli la maji ya dripu angefurahi kupokewa. Maghala ya vitunguu ya Misuna nayo yana nafasi na mizigo mizito inayovunja migongo ya vijana. Wanaotaka kujaribu waanzie huko.

Barabarani, njia yenyewe itangulie. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi ya mradi wa SARSAI kuzunguka shule za msingi: njia za miguu, matuta, vivuko, vizuizi vidogo vinavyozuia magari kupanda kando. Ni saruji, rangi na vyuma, hakuna kompyuta ndani yake, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross. Kila kitu ambacho roboti ingekihitaji ili itembee salama, mtoto wa shule anakihitaji leo: upana, ukingo, mteremko wa kupandia, kivuko kinachoheshimiwa.

Wiki iliyopita nilirudi pale alipokutana mzee na pikipiki, nikiwa na futi ya fundi nguo. Kutoka mwisho wa lami hadi mdomo wa mtaro ni sentimita 140. Mama anayeuza mafuta ya alizeti amepanga madumu yake upande wa mtaro, yanachukua 60. Alinisaidia kushika ncha ya futi, akauliza kama wanataka kumwondoa, nikamwambia hapana, napima tu. Zinabaki 80. Kiti mwendo kinahitaji kama 90 kupita bila kujikwaruza. Kigari cha Starship kina upana wa sentimita 57. Kikipita hapo, mtu wa miguu anayekutana nacho anabakiwa na sentimita 23 kabla ya kukanyaga lami. Nilipima kwa kiganja changu pia, kwa kuwa mama hakuelewa namba zile. Ni shibiri moja.